Furaha ni kuchagua? Mimi ilinikataa hapa Mpunguzi

Wakuu, mleta mada anasema furaha ni uamuzi: ukiamka unaamua kufurahi, basi. Mwingine kamleta Epictetus, yule mwanafalsafa wa kale wa Kistoa aliyewahi kuwa mtumwa, kwamba kilicho mikononi mwetu ni namna tunavyoyachukulia mambo. Sawa. Ila Epictetus huyohuyo alisema mali na mwili haviko mikononi mwetu, na mimi nilianguka hapo.

Nina ekari moja na nusu ya zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu wa Februari na Machi ni wa roho mkononi kwa sababu ya mvua. Mwaka mmoja mnunuzi (simtaji) akaniambia vuna, gari linakuja kesho. Nikavuna. Kesho ikawa keshokutwa. Kreti zimepangana chini ya mwarobaini, maji matamu yanachuruzika mchangani, nyuki wamejaa mpaka mbwa akahama kivuli chake. Siku ya nne nikawamwagia nguruwe wa jirani. Deni la dawa na la vibarua likabaki palepale.

Shemeji akanipigia: "Kaka, chagua furaha tu." Nilijaribu, msinicheke. Nilisimama mbele ya kioo nikatabasamu, nikajiona kama mgombea udiwani.

Sasa kuna bibi mmoja wa Kigogo, jirani. Mtama wake ulikauka mwaka uleule, lakini akianza kucheka anashika kiuno. Nikamuuliza, bibi, wewe unawezaje? Nilitegemea hekima. "Nani kakwambia naweza? Nacheka mkija. Mkiondoka nabaki na moto wangu." Tangu siku hiyo siamini zile hadithi za "maskini wa kijijini wana furaha". Aliyezileta alikuwa mgeni, na mgeni huchekewa.

Kwa aliyeandika kwamba mwenye sonona ni mvivu wa kufikiri: ndugu, hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Walioko mle hawakukosea kuchagua.

Ninachokubali ni hiki. Mzabibu huuamrishi uzae, unaupogoa, halafu miezi minne hivi baadaye huenda ukavuna. Huenda. Kupogoa ndiko kunakochagulika, na hata huko mimi peke yangu kulinishinda. Wiki tatu sikushika mkasi.

Aliyenitoa kitandani ni bibi. Kila alfajiri mlangoni, kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwa! Mjukuu wangu, nigawie chumvi." Huwezi kumgawia ukiwa umelala. Na ukishaamka, ukishapigwa na baridi ya asubuhi, unaona bora ufike tu shambani. Deni nililimaliza mwaka uliofuata, na nakiri siku ile furaha ilikuja yenyewe, sikuichagua wala sikuiita.

Juzi nilimpelekea unga, akanituma kijiko jikoni kwake. Rafuni nikakuta makopo matatu ya chumvi, yamejaa hadi mdomoni.