Liseme Kabla Hujalitenda

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbale. Ameajiriwa katika duka la jumla, na kila siku mwenye duka humwagiza aandike risiti mbili, moja ya mteja na nyingine ya uongo ya hesabu za kodi. Ameokoka mwaka huu. Amefunga siku tatu, amekemea usiku kucha, amepaka mafuta ya upako mlangoni pa duka, na siku ya nne asubuhi akaandika risiti mbili kama kawaida. Akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi? Au Mungu ameniacha?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu, usingizi ukaniruka. Njia hiyo mimi nimeipita, nikiwa nimebeba mahindi.

Nanunua mahindi Busoga, hasa Mayuge na Bugiri, nayaleta hapa Busia, na wanunuzi wa upande wa Kenya wanayachukua. Mji wetu ndio ulioizaa bodaboda, baiskeli za kuvusha watu kutoka boda hadi boda, na hadi leo mahindi mengi yanavuka hivyo, gunia moja nyuma ya kiti. Kazi hii nimeianza mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Siijui nyingine.

Mwishoni mwa 2016 mvua ilitukuta njiani na turubai likapasuka. Magunia 14 yakalowa. Anayejua mahindi anajua yanayofuata: siku ya tatu ukitia mkono ndani ya gunia unakutana na joto, siku chache baadaye kuvu ya kijani imeshashika. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sikuwa na kipimo, lakini nilikuwa na chupa na chumvi kavu. Unatia mahindi na chumvi ndani ya chupa, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana maji. Yangu ilinata chupa nzima.

Usiku ule niliomba. Nataka mlisikie vizuri jambo hili, kwa sababu watu hudhani anayeanguka ni yule aliyeacha maombi. Nilipiga magoti hadi yakafa ganzi. Nilimwambia Mungu karo ya mtoto inadaiwa, anifungulie njia. Alfajiri dalali akabisha hodi. "Mama, changanya tu. Gunia bovu moja kwa mazima matano, nani ataona?"

Nikasema, asante Yesu. Wallahi nilidhani ni jibu la maombi.

Wala sikuwa mjinga wa sumu inayoletwa na kuvu ile. Maofisa wa kilimo walikuwa wametufundisha habari za sumukuvu. Walituambia kwamba ugali hata uive vipi sumu ile haiishi, na kwamba mwaka 2004 huko Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Nilijua, na bado nilichanganya kwa mikono yangu miwili. Nikauza, nikalipa karo. Jumapili nikatoa fungu la kumi katika pesa zile zile na kuimba kwenye kwaya nikiwa mstari wa mbele.

Miezi minane sikumwambia mtu. Niliomba toba kila usiku, peke yangu, na kila asubuhi mzigo ulikuwa pale pale kifuani.

Kilichonivunja kilikuwa kitu kidogo sana. Sisi ni Balokole, yaani waliookoka, wa ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda katika miaka ya 1930, na desturi yetu ni kutembea nuruni: Alhamisi tunakaa pamoja, kila mtu anaweka wazi yaliyomo moyoni. Alhamisi hiyo Jaja mmoja, yaani bibi, wa miaka zaidi ya sabini, alisimama akasema ameishi na chenji ya shilingi 2,000 isiyo yake kwa wiki mbili, na amemrudishia mwenye kioski leo asubuhi. Analia. Kwa shilingi 2,000! Nikajikuta nimesimama na mimi. Sikupanga. Nilisema yote, magunia 14, dalali, kwaya, fungu la kumi. Wakaimba ule wimbo wetu ambao kila Mlokole anaujua, kisha Jaja akanishika mkono: "Sasa nenda ukamwambie aliyenunua."

Nilivuka boda kesho yake na shilingi 1,120,000 za Uganda kwenye mkoba. Mnunuzi, mama wa umri wangu, alinisikiliza hadi mwisho. Akahesabu pesa, akaziweka, akaniambia niende kwa amani. Hajanunua kwangu tena. Simlaumu.

Nilichoshindwa kukimeza ni cha nyumbani kwetu. Mtu niliyemwita dada, tuliyekaa naye ushirika mmoja, alilitoa neno lile nje. Katika mwezi mmoja soko zima lilikuwa linaniita mama wa mahindi ya sumu. Kwenye kwaya niliambiwa "nipumzike" kwanza. Nilipumzika miaka miwili. Mpaka leo tukikutana ananisalimu kwa ncha za vidole, na mimi najifunza kumsamehe kila wiki upya, kwa sababu msamaha wa wiki iliyopita huwa umeisha.

Mnaweza kuuliza, basi kuna faida gani kusema? Ngojeni 2021.

Tarehe 5 Machi mwaka huo Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti, mojawapo cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi nilikuwa na tani 10 mpakani na deni la shilingi milioni 6 kwenye kikundi. Mahindi yangu hayakuwa yamepimwa. Mchana, mtu mmoja akaketi karibu nami na cheti kilichokwisha kupigwa muhuri, pa jina pakiwa pameachwa wazi. Akataja bei. Haikuwa kubwa hata.

Safari hii sikupiga magoti kwanza. Nilishika simu. "Jaja," nikasema, yule mtu akinisikia, "hapa kuna mtu amekuja na cheti cha uongo, na mkono wangu unakitaka."

Jaja hakunihubiria. Alisema, "Nakuja." Akaja kwa bodaboda, kavaa gomesi yake ya kanisani, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, akapanda akaketi juu ya magunia na Biblia mapajani. Yule mtu alikaa kidogo, akatazama saa, akaondoka. Jaja alikaa hadi jua likazama. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea. Mlango wangu ulikuja umevaa gomesi.

Mahindi niliyauza kwa bei ya kutupa, huku huku ndani, kwa mfuga kuku aliyeyapima mwenyewe. Nikapoteza milioni 2 na ushee. Mwanangu akakaa nyumbani muhula mzima, akiwatazama wenzake wakipita na sare. Deni nililimaliza kwa miezi 19. Hakuna aliyenirudishia mara mbili. Hakuna simu iliyopigwa usiku wa manane kuniambia muujiza umefika. Wanaowahubiria vijana wetu kwamba ukiwa mwaminifu Ijumaa, Jumatatu utalipwa, wanawatega, kwa sababu Jumatatu ikija mikono mitupu kijana anadhani Mungu kamwacha. Hivyo ndivyo ulivyodhani wewe, mwanangu wa Mbale.

Ninapokwenda Mayuge kununua hupita njia ya kwenda Kyando, alikouawa Askofu James Hannington mwezi Oktoba 1885. Watu huenda kumkumbuka, na ni vema. Mimi huwafikiria zaidi wapagazi waliouawa pamoja naye, watu wa mizigo kama mimi. Nani aliwalipa mara mbili? Msiniambie Mungu aliwaacha.

Basi kwako, mwanangu. Kufunga ni kwema, endelea. Lakini tazama: umefunga peke yako, umekemea peke yako, umerudi dukani peke yako. Mafuta ya mlangoni hayatakuuliza jioni umefanya nini. Tafuta mtu. Mmoja tu, mtu mzima katika imani, aliyewahi kusema ya kwake mbele yako. Usilipeleke kwa kwaya nzima, nimeshakueleza yaliyonipata. Mwambie jaribu lenyewe kabla halijawa dhambi, likiwa bado la moto, mkono ukiwa bado unakitaka kile kitu. Yakobo amesema tuungame dhambi sisi kwa sisi, nami nakuambia usingoje hadi ziwe dhambi. Hata Bwana wetu Gethsemane aliwachukua watatu akawaambia roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, wakeshe pamoja naye. Walilala, najua. Lakini aliwaambia. Kama Yeye alisema, wewe unanyamaza kwa nguvu zipi?

Kisha nenda kwa mwenye duka. Mwamkie kwa heshima, ni mkubwa wako. Mwambie, "Mzee, risiti ya pili mkono wangu hauwezi tena, nipe kazi ya stoo." Huenda akakufukuza. Sitakudanganya kwamba hatakufukuza. Lakini umwambie mtu wako kwanza, halafu ndiyo uende. Umwambie kwanza.

Jaja ametangulia kwa Bwana mwaka juzi, na nafasi yake pale juu ya magunia haina mtu. Kwa hiyo niandikie ni saa ngapi mnafunga duka. Jumamosi nikitoka sokoni nitakupigia, na nitakuuliza risiti zilikuwa ngapi.