Usihame benki bado: hizo ulizotaja si dairekti debiti

Mkuu, usibonyeze kitu. Funga hiyo apu kwanza, usome hapa.

Umeandika kwamba unataka kuhamia benki ya hapa Uingereza inayotoa zawadi ya pauni 175 kwa anayehama, masharti ni kuingiza pauni 1,500 na kuwa na dairekti debiti mbili (malipo ambayo kampuni inayavuta yenyewe kutoka kwenye akaunti yako) zinazohama pamoja nawe, na kwamba "mbili ninazo, kodi ya chumba na jimu." Hapo ndipo niliposukuma sahani pembeni. Katika hizo mbili hakuna hata moja iliyo dairekti debiti. Ukihama nazo kesho hiyo 175 hutaiona, na akaunti yako ya zamani itakuwa imeshafungwa.

Najua kwa sababu mimi nilihama na hizo hizo, chumba na jimu, pamoja na bili ya simu.

Anza na chumba. Mwenye nyumba alikupa sotikodi (namba inayotambulisha benki na tawi) na namba ya akaunti, ukaingia kwenye apu mwenyewe, ukaandika kiasi na tarehe, basi kila mwezi benki yako inamtumia. Hiyo ni stendingi oda. Pesa unaisukuma wewe. Dairekti debiti inavutwa na kampuni: wewe umewapa idhini, wao ndio wanaopeleka ombi benki kupitia Bacs, mfumo wa malipo kati ya mabenki, na kiasi wanaweza kukibadilisha mradi wakuarifu mapema. Stendingi oda ni wewe kumpelekea mama ntilie hela yake kila Ijumaa. Dairekti debiti ni yeye kumtuma mtoto aje aichukue kwako. Mwenye nyumba wa kawaida, mtu na nyumba yake moja, hana huyo mtoto wa kumtuma.

Sasa jimu. Majimu mengi Uingereza yanakata kwa dairekti debiti, ni kweli, lakini wewe mwenyewe umesema uliweka kadi. Ukimpa mtu zile tarakimu 16 za mbele ya kadi, hayo ni malipo ya kadi yanayojirudia, hata kama yanakatwa tarehe ile ile kila mwezi kwa miaka kumi. Dairekti debiti inaombwa kwa tarakimu 6 za sotikodi na 8 za akaunti, na hapo unapojaza fomu utaona nembo ya Direct Debit na maelezo ya dhamana yake.

Mimi haya yote sikuyajua, na nilijitahidi kuuliza. Ndiyo maana hasira haijaisha. Nilikwenda tawini, nikakaa mbele ya kijana mwenye suti, nikamtajia moja baada ya nyingine: chumba, jimu, simu. Akasema malipo yoyote ya kila mwezi yanahesabika. Hakufungua hata kompyuta kuangalia. Nikaja kwenye grupu letu la WhatsApp, kaka mmoja anayejulikana kwa kuhama benki kila msimu akasema hivyo hivyo, na akaongeza kwamba ukisoma masharti utajichosha bure. Yule wa tawini nitamlaumu mpaka kesho, maana ile ndiyo kazi anayolipwa kuijua. Yule kaka wa grupu alikuwa na bili ya umeme, maji na simu, zote dairekti debiti, kwa hiyo kwake ilifanya kazi bila yeye kujua kwa nini, akawafundisha watu wengine kisichokuwepo. Na atakayekuja hapa chini kusema mbona yeye alipata, nampongeza na aninunulie nyama choma, lakini kwanza afungue apu yake aone ni bili zipi zilizompatia.

Nikahama. Kuhama kwenyewe ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaoponza. Tangu Septemba 2013 kuna huduma ya kitaifa ya kuhamisha akaunti, Current Account Switch Service, inakamilika kwa siku 7 za kazi. Inahamisha salio, dairekti debiti na stendingi oda zote, inafunga akaunti ya zamani, na hela itakayotumwa kule kwa bahati mbaya inaelekezwa kwenye mpya. Siku ya mwisho nikapata ujumbe kwamba kila kitu kimehama salama. Nikafungua apu mpya. Ukurasa wa Direct Debits: mstari mmoja, kampuni ya simu. Nikashuka na kidole, hakuna kingine. Nikarudi nyuma, nikakuta kodi ya chumba imetulia kwenye ukurasa wake wa stendingi oda. Jimu haikuwa upande huu wala ule.

Nikapiga simu benki mpya. Wakanieleza kwa upole kwamba sharti lilikuwa mbili ZIHAME, siyo mbili zifunguliwe baadaye. Nikasema basi niongeze ya pili leo hii hii. Hapana. Nikasema basi nirudi nianze upya. Hapana, ofa ni kwa mteja mpya, na sasa mimi si mteja mpya. Kwa benki ile mlango umefungwa kwangu. Ya kwenye akaunti niliyoiacha nayo yalikwenda: nilikuwa na akiba ya kuweka kila mwezi iliyofungamanishwa na akaunti ile, riba yake nzuri, ikaondoka pamoja na akaunti.

Halafu jimu. Huduma ile ya kuhamisha haigusi malipo ya kadi. Akaunti ikifungwa, kadi yake imekufa, na kila mwenye tarakimu zako 16 anagonga mwamba. Jimu wakajaribu kukata, ikakataa, wakajaribu tena, ikakataa. Mimi sina habari, naendelea na shifti zangu. Barua iliyokuja haikutoka jimu, ilitoka kwa kampuni ya kukusanya madeni, na ada imeshaongezwa juu. Nikailipa. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nafuata zawadi nilitoa hela. Na wewe una jimu ile ile ya kadi. Umeelewa sasa kwa nini nimekwambia ufunge apu?

Kwa hiyo sheria ni hii, na sitaki uiongeze wala uipunguze: usihesabu dairekti debiti mpaka uione kwenye ukurasa wa Direct Debits wa benki yako ya sasa, na mbele yake iwe imeandikwa tarehe ambayo imeshakatwa. Si itakayokatwa. Iliyokatwa. Mtu wa tawini akisema ndiyo na ukurasa ukasema hapana, mwenye haki ni ukurasa.

Kwa nini nasisitiza imeshakatwa? Kwa sababu ofa nyingi zinasema dairekti debiti ziwe hai, na idhini ambayo haijawahi kuvuta hata peni moja inaleta ubishi. Watu wanaunganisha PayPal na akaunti ya benki, jina la PayPal linajitokeza kwenye orodha, wanashangilia. Ile haivuti chochote mpaka ununue kitu. Nunua kitu kidogo, ulipe kupitia benki na siyo kadi, uone imekatwa, ndipo uihesabu.

Za kupata kwa haraka, kwa mtu kama wewe unayekaa chumba cha kushiriki na bili zote ziko kwa mwenye nyumba: simu kwanza. Ingia kwenye akaunti yako ya mtandao wa simu, badilisha kutoka kadi kwenda dairekti debiti. Laini za kuongeza salio zisikusumbue, hizo mara nyingi ni kadi tu, lakini mkataba wa SIM wa mwezi mmoja mmoja kwa kawaida unakubali. Jimu nayo wapigie, wengi wana njia zote mbili, na hiyo itakuepusha na barua niliyoipata mimi. Ukiwa na kadi ya mkopo, weka malipo yake kwa dairekti debiti, ni vizuri kufanya hivyo hata bila zawadi. Mchango wa hisani wa pauni mbili nao unahesabika, lakini ukiuanzisha uache uende. Kuanzisha na kukata baada ya mwezi ni kuwatia gharama watu wanaofanya kazi njema. Zile apu za akiba, soma kwanza: baadhi zinavuta kwa dairekti debiti, nyingine zinatumia kadi.

Anza mwezi mzima kabla. Kampuni inapokea idhini, inakutumia taarifa ya tarehe na kiasi, mara nyingi siku 10 za kazi mapema, kisha mzunguko wa Bacs wenyewe ni siku 3 za kazi. Ukiomba Jumatatu huwezi kuhama Ijumaa. Hela iwepo usiku wa kuamkia siku ya makato, maana wengi wanavuta alfajiri. Na usikubali ushauri wa kufunga akaunti ya zamani mwenyewe ili "kurahisisha". Ukiifunga mwenyewe hakuna cha kuhamishwa. Huduma inaifunga yenyewe mwishoni.

Ukifanikiwa na baadaye ukachukua akaunti inayolipa kila mwezi badala ya mara moja, kama ile Reward ya NatWest ambayo iliwahi kulipa pauni 4 kwa dairekti debiti mbili za angalau pauni 2 kila moja huku ada ikiwa pauni 2, basi jihadhari na kodi ya halmashauri, hiyo kaunsili taksi. Watu wanaitegemea kama nguzo. Kwa kawaida inakatwa kwa mafungu 10, Aprili hadi Januari. Februari na Machi hakuna kitu, na zawadi ya miezi hiyo inapotea kimya kimya. Una haki ya kuomba igawanywe mara 12. Piga halmashauri, ni simu moja.

Uliuliza pia benki ipi ina apu nzuri ya kutuma hela nyumbani. Hayo wenzangu wenye uzoefu watakujibu, mimi nataka hili liishe kwanza. Leo badilisha simu na jimu. Zikikatwa zote mbili, weka hapa picha ya ukurasa wa Direct Debits, ufiche namba za akaunti, tuuangalie pamoja kabla hujabonyeza.