Re: Mteja anadai simu niliyomuuzia ina kioo feki

Mkuu, usirudishe hata mia kabla hujahakikisha simu anayolalamikia ni ile ile uliyomuuzia. Umesema jamaa wa Mwanza anadai iPhone 11 used uliyomtumia kwa basi ina kioo feki, nawe unaapa ilikuwa na kioo chake. Anzia kwenye IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu. Mwambie arekodi video moja isiyokatwa: abonyeze *#06#, kisha aingie Settings, General, About. Kuanzia iPhone 11, kioo kisicho cha Apple kwa kawaida kinaandikiwa "Unknown Part" pale pale.

IMEI isipofanana na uliyoandika kwenye risiti, hiyo siyo simu yako, mjadala umeisha. (Kama hukuandika, kazi unayo.) IMEI ikifanana, na maandishi ya "Unknown Part" yapo, huenda na wewe uliuziwa hivyo hivyo, ila hilo malizana na aliyekuuzia, mteja wako hamjui mtu huyo. Mrudishie tofauti ya bei, au simu irudi kwa nauli yako. Ule mhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi" usiutegemee, maana tangazo lako liliandika "kioo original" na screenshot anayo.

Matusi ya WhatsApp usiyajibu. Jibu kuhusu simu tu.