Jibu: Miezi minne wadini, nikae au niondoke?

Habari dada. Umesema una miezi minne ukiwa muuguzi katika hospitali ya binafsi hapa Nairobi, zamu ya usiku uko peke yako na wagonjwa 24, na asubuhi unalia kwenye matatu ukirudi nyumbani. Pole sana. Nimepita hapo.

Kwanza toa mkataba uusome. Kama bado uko kwenye kipindi cha majaribio, Sheria ya Ajira ya 2007 inakuruhusu kuondoka kwa notisi ya siku 7. Ukishathibitishwa na unalipwa kwa mwezi, ni siku 28 au zaidi. Mkataba wako sijauona, kwa hivyo angalia. Usitoroke zamu hata moja. Leseni yako ina thamani kuliko hiyo kazi.

Halafu jiulize, kinachokuumiza ni ugeni au ni hatari? Mimi mwanzoni mkono ulitetemeka nikitafuta mshipa wa mtoto, na hilo liliisha kufikia mwezi wa nane. Lakini nilikoanzia kazi niliwahi kukabidhiwa wadi saa moja jioni mtungi wa oksijeni ukiwa mtupu, na nilipoandika kwenye kitabu cha ripoti nikafokewa. Hapo niliandika notisi.

Mwandikie matroni idadi ya wagonjwa uliokuwa nao kila zamu, ubaki na nakala. Wakiongeza mtu wa usiku, ningekaa hadi mwaka utimie. Wakinyamaza, tuma maombi kwingine ungali kazini, na siku ya kuondoka dai cheti cha utumishi, yaani karatasi inayothibitisha ulifanya kazi hapo, ni haki yako kisheria.