Maswali na majibu: Ukitaka sedani isiyokusumbua, uliza kwanza ilitunzwa na nani

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya sedani za familia: Premio, Allion, Mark X, Camry na wenzao. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Walioandika "gari gani zuri?" bila kusema wana shilingi ngapi, wanaishi wapi na wanaendesha umbali gani kwa siku, sijawajibu. Waandike upya.

Premio au Allion, ipi imara zaidi? (Msomaji wa Mbagala, na wengine wengi)

Ni gari lilelile. Chasisi moja, injini zilezile, giaboksi ileile. Zinatofautiana sura, taa na mapambo ya ndani. Toyota ilizianzisha pamoja 2001 na ikaacha kuzitengeneza pamoja 2021. Ukizikuta mbili, chukua iliyo nzima. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, naomba lipumzike.

Nimeshaamua Premio. Nichukue ya injini gani? (Mwalimu, Dodoma)

Hili ndilo swali la kuuliza, Mwalimu. Toleo la 2001 hadi 2007 lina injini tatu. Ya cc 1,500, yaani 1NZ, haina makuu: spea zake zipo kila mji na kila fundi ameishika. Ya cc 1,800, 1ZZ, ina nguvu ya kutosha, lakini nyingi za miaka ya mwanzo hula oili kwa sababu ringi za pistoni huziba masizi. Ukiipata, vuta stiki ya oili kila wiki. Usisubiri taa iwake, maana ikiwaka injini imeshaumia. Ya cc 2,000 iliyoandikwa D-4 iache hapohapo ulipoikuta. Pampu yake ya mafuta ya mgandamizo mkubwa ni ghali, injini yake hutetemeka gari likiwa limesimama, na mafundi wanaoielewa ni wa kutafuta kwa tochi.

Toleo la kuanzia 2007 ni bora zaidi, na la cc 1,800, injini ya 2ZR, ndilo ninalolipendekeza kwako. Ya 1,500 itakutosha mjini, lakini ukiwa na watu watano na mizigo unapanda mlima Sekenke ukirudi kutoka Mwanza, utaihurumia.

Nina milioni 18. Nimepata Mark X ya 2007 kwa milioni 17 na nusu. Ninunue? (Tabata)

Usinunue, na kosa si la gari. Mark X ya cc 2,500 ni gari la heshima: silinda sita, cheni badala ya mkanda wa taimingi, giaboksi ya gia sita, limetulia barabarani kuliko sedani nyingi za bei yake. Lakini wewe utabakiwa na laki tano. Kwa laki hizo utabadilisha kadi, utakata bima, utanunua tairi, plagi sita, oili, shokapu mbili za mbele ambazo karibu kila Mark X iliyotembea hapa inazidai? Haiwezekani. Utaanza kupunguza. Utaweka oili ya kupimwa kwenye dumu, utaongeza maji ya bomba kwenye rejeta, utasema "nitafanya mwezi ujao". Magari mazuri nchini hapa yanafia mikononi mwa watu waliomaliza fedha zote siku ya kununua.

Mwenye milioni 18 atafute gari la milioni 14. Hizo nne ni za gari, si zako.

Halafu jua kwamba injini ile, 4GR, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli, kwa hiyo masizi hugandia juu yake na yanahitaji kusafishwa. Ikitetemeka ukiwa kwenye taa za barabarani, chunguza hapo kabla fundi hajakuuzia koili sita. Na kwa foleni ya Tabata kwenda Posta kila asubuhi, silinda sita zitakula mafuta. Usije kulalamika kwangu.

Sedani gani kubwa haili mafuta? (Wasomaji wengi)

Hakuna.

Fundi wangu anasema oili ya giaboksi ya CVT haibadilishwi maisha yote. Mwingine anataka kuniwekea haidroliki ya kawaida. Nimsikilize nani? (Mwanza)

Wote wawili wakae mbali na gari lako.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubanana ili kubadilisha mwendo. Kinachozibana ni presha ya oili. Oili hiyohiyo inapoza, inalainisha, na wakati huohuo inatakiwa iache mkanda ushike bila kuteleza. Ndiyo maana imetengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ukimimina haidroliki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Utaanza kusikia mvumo, kisha mshale wa mizunguko ya injini unapanda huku gari haliongezi mwendo, kisha gari linagoma. Hapo dawa ni giaboksi nyingine.

Kwa hiyo: CVT ya Toyota inataka CVT Fluid TC au FE kulingana na toleo. Ya Nissan, kama kwenye Teana na Sylphy, inataka NS-2 au NS-3. Premio ya zamani yenye gia nne inataka T-IV. Mark X inataka WS. Hazibadilishani. Soma kitabu cha gari, na kama kimeandikwa Kijapani, tumia namba ya chasisi kuulizia duka la spea linaloeleweka.

Kuhusu "maisha yote": kwa joto letu na foleni zetu, mimi nasema badilisha kila kilomita 40,000. Na usimpe fundi fedha akakununulie. Nenda naye, kopo lifunguliwe mbele ya macho yako, na ukimaliza toboa makopo matupu uondoke nayo, kwa sababu makopo mazima yanakusanywa na kujazwa uchafu kisha yanarudi sokoni na nembo ileile.

Hukuniuliza kuhusu rejeta, lakini nakwambia. Maji ya bomba yanaleta kutu na kula pampu ya maji. Silinda hedi za magari haya ni za aluminiamu. Zikichemka mara moja vizuri, zinapinda. Tumia kulanti, yaani kipozeo maalumu cha rejeta, na ukiona inapungua tafuta inakotokea.

Nataka kuagiza Mazda Atenza ya dizeli ya 2015 kutoka Japani. Unaionaje? (Mombasa)

Haitaingia. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hiyo imeshapita. Hata ungeipata ya mwaka unaokubalika, chukua ya petroli. Ile dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi linalojisafisha kwa safari ndefu za mwendo mzuri. Kazi ya kutoka Nyali kwenda mjini na kurudi italiziba.

Wa Tanzania msishangilie: gari kuukuu halizuiwi hapa, ila likizidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Fungueni kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti moja Japani.

Gari la yadi linasoma kilomita 62,000. Nitajuaje ni za kweli? (Morogoro)

Usianze na dashibodi. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa. Anza na karatasi ya mnada wa Japani, inayoandika kilomita na hali ya gari lilipouzwa kule, na usikubali ile unayopewa na muuzaji, kwa sababu zinahaririwa. Chukua namba ya chasisi, itafute mwenyewe kwa kulipia. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri. 3.5 lina kazi ndogo ndogo. Ukiona R au RA, lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa.

Kisha liguse. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Kama mkanda wa dereva ni wa mwaka tofauti na mingine, uliza ulibadilishwa kwa nini. Soma muhuri kwenye kila kioo. Kimoja kikitofautiana, kilivunjika. Tairi zina tarakimu nne pembeni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Angalia raba ya pedali ya breki. Gari la kilomita 62,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma na usukani unaong'aa. Fungua boneti, tazama bolti za fenda: rangi ikiwa imepasuka kwenye vichwa vya bolti, spana imepita hapo.

Nenda asubuhi na uweke mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, wameliwasha kabla hujafika. Rudi siku nyingine bila kuwaarifu. Likiwashwa la baridi, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokata ni kulanti. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Ondoka, wala usibishane bei.

Mwisho lipeleke likapimwe kwa kompyuta na fundi ambaye hakuletwa na dalali. Fundi huyo akikuomba elfu hamsini, mlipe. Nimechoka kusoma barua za watu waliobana elfu hamsini wakapoteza milioni tano.

Camry mpya kabisa kutoka kwa wakala, inafaa? (Arusha)

Inafaa kama utakaa nayo miaka kumi na utafanya sevisi zote kwa wakala. Kama utaiuza baada ya miaka mitatu, unachoma fedha. Hakikisha ni jipya la kiwandani. Gari la yadi lisilo na namba ya Tanzania limeshatumika Japani.

Niko Muscat. Nije na Camry yangu ya usukani wa kushoto? (Mwana wa Tanga)

Iuze hukohuko, mwanangu, njoo na fedha. Kupita lori la Segera ukiwa upande usioona mbele ni kuhatarisha watoto. Na kama unafikiria kuivusha mpaka wa Horohoro ukaisajili Kenya, Kenya haisajili usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida.

Taa ya eabegi haizimiki. Fundi anasema aitoe balbu. (Kigamboni)

Usimruhusu. Taa hiyo inasema eabegi inaweza isifunguke siku utakayoihitaji, na kuificha ni kumdanganya pia atakayenunua baada yako.

Kuna jambo kubwa zaidi. Eabegi za kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017, zilitumia amonia naitreti bila cha kuikinga na unyevu. Miaka ikipita kwenye joto na unyevu, kemikali hiyo huharibika, na eabegi ikifyatuka kopo lake la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni kwa dereva. Watu wamekufa. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru zote ziliita magari yao kwa mamilioni. Sasa fikiri Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar: joto na unyevu mwaka mzima, na magari yaliyokwisha kupita mikono mitatu. Ingiza namba yako ya chasisi kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari, uone kama liliitwa na halikufanyiwa kazi. Kama liliitwa, mwone wakala wa kampuni hiyo. Fanya wiki hii.

Nilinunua gari mwaka jana, kadi bado ina jina la mwenyewe wa zamani. Kuna ubaya? (Mbeya)

Upo mkubwa. Kwa mujibu wa kadi gari bado ni lake: akifariki warithi wake watalidai, akiwa na kesi linaweza kukamatwa. Na faini za barabarani zinafuata namba ya gari. Kaangalie leo kama linadaiwa faini za trafiki na maegesho, mpigie aliyekuuzia mkiwa bado mnasalimiana, mwende TRA na mkataba wa mauziano.