Jibu: Waphuthai ni Wabudha, mizimu je?

Ndugu, umeuliza iwapo Waphuthai wa kaskazini mashariki mwa Thailand wameacha mizimu kwa kuwa ni Wabudha. Hawajaacha, na wengi wao hawaoni mgongano wowote. Hekaluni wanakwenda, na kijijini wana kichaka cha pu ta, mizimu ya mababu walinzi, ambako kukata mti ovyo ni mwiko. Kabla ya kupanda mpunga, mwangalizi wa kichaka huwapelekea kuku na pombe ya mchele; kisha hutazamwa mifupa ya taya la kuku kubashiri mvua.

Kinachonivutia zaidi ni ibada wanayoiita “yao”, tiba ya mgonjwa aliyeshindikana: mganga, mara nyingi mwanamke, hupandisha pepo huku khaen, ala ya kupuliza ya mianzi, ikipigwa. Waliokulia karibu na ngoma za pepo za pwani yetu hawatashangaa sana.