Mwanangu, kuhusu ile bei uliyotaja

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema mteja alikuuliza mchoro wa lebo ya chupa zake bei gani, we ukataja tu, akajibu "sawa" hata dakika haijaisha, na sasa mchoro unakaribia kwisha roho inakuuma, unaniuliza umejipunja au vipi. Umejipunja ndiyo, ila siyo pale unapodhani.

We umehesabu saa sita za kuchora. Zile za kuchati naye mara rangi iwe kijani mara nyeusi mara irudi kijani, michoro mitatu ya mwanzo aliyoikataa, faili ulilotuma akasema halifunguki ukatuma tena, zote hizo umempa bure. Mi nilivyoanza kushona nilikuwa hivyo hivyo, nalipisha saa za cherehani tu, kupima na kukata na kufumua hazimo, mwezi unaisha hata uzi nakopa. Chukua daftari, wiki nzima andika kila saa ya kazi hata ya kujibu meseji. Usishangae kati ya saa 40 ukakuta zenye mtu wa kuzilipa ni 20, nyingine umetafuta wateja na kufukuzia hela yako. Afu jumlisha matumizi yako ya mwezi, weka kodi, programu unayolipia, na hiyo tableti ambayo siku moja itakufa, ugawe kwa zile saa 20 za kulipwa mara wiki nne, yaani saa 80 siyo 160. Namba itakutisha, usiishushe, chini ya hapo kazi unamlipia mteja we mwenyewe.

Na hapo bado, maana anayetaka picha ya kutundika sebuleni na huyu wa chupa hawawezi kuwa bei moja hata kama mkono umechoka sawasawa, huyu anaenda kuuzia biashara. Carolyn Davidson mwaka 1971 alichora alama ya Nike akiwa mwanafunzi, akalipwa kwa saa, jumla dola 35. Saa zake alilipwa, kile ambacho alama ingekuja kufanya ndo hakikuwemo kwenye hesabu. Mwaka 1983 walimpa pete na hisa, sawa, ila we usipange bajeti kwa kungoja mteja aje kukumbuka baada ya miaka 12! Kwa hiyo kabla ya kutaja namba uliza, itatumika wapi, kwa muda gani. Na muandikiane kabisa kwamba hakimiliki inabaki kwako uliyechora, maana kuna nchi kazi ya kuagizwa inahesabika ya mteja msipoandikiana, we unachomuuzia ni ruhusa ya kutumia, akitaka yote iwe yake hiyo ni bei nyingine na iandikwe.

Kwa huyu bei usipandishe, ulishakubali. Ila mwandikie leo kwamba ni ya lebo ya chupa hizo tu, marekebisho yamebaki mawili, la tatu analipia. Faili kubwa usitume kabla hela haijaingia, mpe dogo lenye jina lako katikati. Mwingine akija, nusu kwanza ndo ushike kalamu.

Akilia bei kubwa, usipunguze bei, punguza kazi. Mi mtu akitaka nimpunguzie gauni namwambia haya, natoa bitana. Anaishika bitana, anaitazama, anasema basi we shona tu.

Mama